Kamba Mbili Mikononi mwa Mjomba

Chumbani kwangu, nyuma ya banda la helikopta
6 Machi

Mpwa wangu Kipanga,

Duniani kuna watu wenye bahati, halafu kuna mimi mjomba wako. Wenzangu bahati huwapita mbali wakaishia kuuona mgongo wake; mimi hunigongea mlango asubuhi na kuniuliza nimeamkaje. Sikiliza mwenyewe. Helikopta nyekundu mliyokuwa mkifanyia mazoezi wewe na Mkufunzi imelala ubavu, mapanga ya juu yamepasuka vipande vipande, na kipande kimoja chenye urefu wa mlango kimeruka kikachoma ukuta wa tangi la maji, pale pale ninaposimama kila siku kuwapa ishara. Kimeingia kwenye zege kama kisu kwenye sabuni! Na mimi je? Nilikuwa nyuma ya gari la mafuta, nimekwenda kuchukua kitambaa cha kufutia kioo. Dakika ile ile! Sina hata mkwaruzo. Fundi mkuu amenizunguka mara mbili akinipapasa kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Wewe ukifa ndipo tutajua dunia imekwisha."

Sasa pole, mwanangu. Mama yako akiisoma hii atasema nimeanza na habari zangu. Kweli nimeanza nazo, ili ucheke kabla ya kulia. Nimesikia mtulinga umevunjika mahali pamoja tu, na kichwa daktari anasema kinataka giza na utulivu, simu marufuku wiki sita. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Dereva wa gari la vipuri hupita mtaani kwenu, atakuwa posta yetu. Soma nusu ukurasa, pumzika, soma nusu nyingine. Mwandiko wangu hauumizi kichwa cha mtu. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza yote aliyokuwa nayo.

Mkufunzi yuko hospitali, nyonga imevunjika, wamemtia vyuma. Anatukana wauguzi, kwa hiyo atapona.

Na usisahau nani alikutoa mle ndani. Mimi! Mafuta yanachuruzika, watu wanapiga kelele "Rudi, mzee, itawaka hiyo!" nami nimeshaingiza nusu ya mwili, nakata mkanda wa kiti chako kwa kisu cha kumenyea machungwa. Nilikuwa wa kwanza kufika. Hapa uwanjani wananiita shujaa. Nimejaribu kukataa, lakini sikujaribu sana.

Mimi niliyefanya kazi nchi tatu, nikaongoza helikopta za mawaziri wawili na mcheza sinema mmoja, nakuambia: utarudi angani kabla mvua hazijakatika. Kula, lala, msalimie dada yangu.

Mjomba wako,
Kapteni wa Ardhini

*

Nyumbani kwa Mama
12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma kwa siku mbili, robo robo, Mama akiwa amesimama mlangoni na saa kama msimamizi wa mtihani. Nilicheka ulipojisifu, mtulinga ukaniadhibu. Asante kwa kunitoa. Sikumbuki kisu, nakumbuka harufu ya machungwa, nikadhani nimekufa na huko ndivyo kunavyonukia.

Mjomba, silali. Nikifumba macho narudi pale kwenye kiti. Nimeupanga kila mwendo wa asubuhi ile kama Mama anavyopanga vipande vya gauni mezani kabla ya kushona, na kuna kipande kimoja hakikai. Niuandike wote, uniambie wapi nimekosea.

Niliikagua helikopta mzunguko mzima ikiwa bado imefungwa chini kwa kamba zake mbili, moja mguu wa kushoto, moja mguu wa kulia, kama tunavyofundishwa. Mkufunzi na mimi tukaingia tukafunga mikanda. Wewe ukafungua kamba. Ukaenda kusimama mbele yetu, mgongo kwenye tangi la maji, ukainua mikono yote miwili. Mkono wa kulia kamba, mkono wa kushoto kamba. Nikakuonyesha vidole viwili, maana yake nimehesabu mbili. Ukacheza kidogo, kama kawaida yako. Mkufunzi, macho kwenye saa za injini, akaniuliza, "Ngapi?" Nikasema, "Mbili." Tukawasha. Tukasubiri injini ipate moto. Nikavuta wenzo polepole. Mguu wa kushoto ukanyanyuka, wa kulia ukagoma. Nikadhani ni upepo, nikaongeza. Mkufunzi akapiga kelele, "Shusha! Shusha!" lakini anga lilikuwa limeshahamia ubavuni.

Jana mkuu wa chuo alimpigia Mama simu. Anasema kamba ya kulia imekutwa bado imenasa kwenye pete ya sakafuni. Haikufunguliwa.

Sasa mimi nilihesabu nini?

Nahesabu kila kitu siku hizi. Ngazi za nje ni kumi na moja. Vidonge vya asubuhi vitatu. Vifungo kwenye kopo la Mama nimehesabu mara mbili, nikapata jumla mbili tofauti, nikaanza upya mpaka akanipokonya kopo. Nijibu kwa namba tu, Mjomba, huna haja ya maneno mengi. Uliinua kamba ngapi?

Mpwa wako,
Kipanga

*

17 Machi

Kipanga wangu,

Marahaba, marahaba! Yaani nimesoma barua yako mbele ya mafundi, nao wamesema mwandiko wako unashinda wa daktari na hakimu ukiichanganya. (Sikuwasomea yote, usihofu. Nimewasomea pale pa machungwa.)

Unataka namba! Mtu mwenye mtulinga uliovunjika anataka namba! Ningekuwa mtu wa namba ningekuwa meneja wa benki, nina tumbo, nakoroma kwenye viyoyozi. Mimi ni mtu wa ishara. Naweza kumshusha rubani mlevi kwenye uwanja wa shule bila kugusa goli. Nilishafanya hivyo, muulize yeyote wa zamani hapa, ingawa wa zamani wote wamehama.

Sikiliza habari njema. Kamati ya uchunguzi iliniita Jumanne. Watu watatu na karani, meza ndefu, maji ya chupa ambayo hakuna aliyethubutu kuyafungua. Nikawafungulia mimi. Nimekutetea, mwanangu! Nimewaambia, "Huyu binti jina lake hapa ni Kipanga, na si mimi niliyembandika, ni macho yake." Nimewaambia jinsi ulivyotua kwenye upepo mwezi wa kwanza mpaka Mkufunzi akashuka akabusu mlango. Mwenyekiti alikohoa. Mtu mkubwa akikohoa hivyo, ujue yamemwingia.

Kuhusu yale ya kuhesabu, nakuomba uyaache. Kichwa kilichogongwa ni kama redio iliyoanguka, kinashika vituo viwili kwa pamoja. Leo kinakupa hiki, kesho kile. Utapona na yote yatajipanga.

Mkufunzi anakusalimu. Ameanza kuugua kwa kelele, ni dalili nzuri. Ananiuliza maswali mengi, lakini mimi humpa hadithi, wauguzi wanakuja kusikiliza, saa ya kuwatazama wagonjwa inakwisha.

Kula. Mwambie mama yako asikuangalie sana, macho yake huchosha watu.

Kapteni wa Ardhini

*

25 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia haraka, na naomba ukae chini kabla ya kusoma.

Wamekugeuzia maneno. Chuo kimeniletea muhtasari wa kamati, kurasa sita. Ukurasa wa nne, naunakili ulivyo: "Mhudumu wa uwanja amesema kwamba kwa kumbukumbu yake aliinua kamba moja, ya upande wa kushoto, na alikuwa anajiandaa kufungua ya pili, lakini mwanafunzi alionyesha vidole viwili na injini ikawashwa."

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mjomba, hawa watu wamekuona huna cheti, wakaandika wanavyotaka! Ulipowaambia habari za macho yangu hawakuandika hata neno. Karani ameandika "Shahidi alizungumza kwa kirefu." Basi. Huo ndio utetezi wako wote, maneno manne.

Mkufunzi ameandika ukweli wake: alikuwa anaangalia saa za injini, aliniuliza ngapi, nikasema mbili. Kwa hiyo waliobaki kuziona kamba ni wawili duniani, wewe na mimi. Nao wamekuandika dhidi yangu.

Pamoja na muhtasari kuna barua ya kutia saini. Nikikubali kwamba nilionyesha vidole viwili bila kuhesabu, nitarudi mwaka ujao nianze upya kutoka darasa la kwanza. Nikikataa, nafutwa, na jina langu linapelekwa vyuo vyote. Mwisho ni tarehe 8 Aprili.

Sitasaini. Nitaandika malalamiko kwa niaba yako. Usiwaze habari ya lugha ya ofisini, hiyo niachie mimi. Wewe niandikie mistari mitatu tu: niliinua kamba mbili, yule karani alikosea, na jina lako. Dereva atasubiri.

Mama alinipeleka kwa mtu wa macho. Nilisoma herufi zote ukutani hadi ule mstari wa mwisho wa jina la kiwanda kilichochapa bango. Akasema, "Binti, wewe umekuja kunikagua mimi."

Usiogope, Mjomba. Tuko pamoja.

Kipanga

*

26 Machi

Mdogo wangu,

Nimeifungua bahasha ya mtoto kabla dereva hajapita, nikaongeza karatasi hii. Hajui.

Anaamka anahesabu. Jana alihesabu vifungo vya gauni la mteja mara tisa, gauni lenye vifungo saba. Mara ya tisa akaja kuniuliza, "Mama, na wewe unaona saba?" Nikasema saba. Akaniangalia kama mtu asiyeamini hata hilo.

Barua zako nimezisoma. Mtoto amekuuliza swali moja, wewe umemletea meneja wa benki, rubani mlevi na redio iliyoanguka. Mimi nimekulea tangu unatambaa. Ukiwa huna la kuficha unaandika mistari miwili na kuomba soksi.

Sikuulizi kilichotokea. Nakuuliza, unachekesha nini?

Dada yako

*

30 Machi

Kipanga,

Kazi ni nyingi mno, naandika nimesimama. Wameleta helikopta nyingine ya kuazima, ina tabia za punda, inataka mtu mzoefu.

Mwanangu, nimefikiri sana. Kupigana na ofisi ni kupoteza ujana wako. Saini. Mwaka mmoja ni nini? Mimi nimepoteza miaka kumi na mbili kwa mambo ya kipuuzi zaidi na bado ninapendeza. Utarudi, nitakuwa pale pale mbele yako, tutacheka. Malalamiko usiandike, yatawaudhi bure.

Mwambie dada yangu soksi nitazihitaji.

Mjomba wako

*

3 Aprili

Mjomba,

Nilisubiri mistari mitatu. Nimepata soksi.

Nilikaa nayo siku mbili. Sina hasira nawe, nataka ulijue hilo. Nimefikiri hivi: mtu mmoja tu aliyekuwepo, anayenipenda, aliyeingia kwenye mafuta kunitoa, ananiambia nisaini. Angekuwa aliinua mbili angesema mbili. Ananificha ukweli kwa huruma, asinivunje moyo. Basi ulikuwa na kamba moja, na mimi niliona mbili. Niliona kitu ambacho hakikuwepo, nikamwambia Mkufunzi, naye akaniamini, na sasa ana vyuma kwenye nyonga.

Nitasaini, lakini sitarudi mwaka ujao wala mwaka mwingine wowote. Mtu anayeona mbili penye moja hapaswi kubeba watu. Nimemwambia Mama anifundishe kushona. Hata hapo amenipa mapindo ya chini tu, kwa sababu kwenye kupima narudia rudia mpaka mteja anachoka kusimama.

Dereva atachukua barua ya chuo akirudi, siku ya Jumatatu.

Asante kwa kunihurumia. Ningependa ungeniambia wazi siku ya kwanza.

Mpwa wako

*

5 Aprili

Mpwa wangu,

Usisaini. Kama umeshasaini, ichane. Kama dereva ameshaichukua, andika nyingine useme ile ya kwanza ulishauriwa na mjomba mwongo.

Uliona sawasawa. Nilishika kamba mbili. Macho yako hayana kasoro, kichwa chako hakina kasoro, na hizo huruma unazonisifia sikuwa nazo. Nilikuwa najihurumia mimi.

Asubuhi ile helikopta nyingine, ile nyeupe, ilisukumwa kwa mafundi, nami nikabaki na kamba yake moja begani. Nikaja kwenu kwenye nyekundu, nikafungua ya kushoto. Nikawa nazunguka pua niende kulia, Mkufunzi akafungua kidirisha, "Mzee, na yule mcheza sinema alishukaje?" Unanijua. Nikasimama nikamaliza hadithi yote, pamoja na pale anapotapika kwenye kofia ya waziri. Nyote wawili mlikuwa mnacheka. Mkononi nina kamba, begani nina kamba, nikaona kazi imekwisha. Nikaenda kwenye tangi nikainua mbili. Ukahesabu mbili. Ulihesabu vizuri kabisa, Kipanga, ila moja haikuwa ya helikopta yenu.

Siku ile ya kamati waliponiuliza niliinua ngapi, nilijua nikisema mbili swali linalofuata ni la pili ilitoka wapi. Mdomo ukasema moja kabla sijaupa ruhusa. Halafu nikaongea sana, ili lile neno lizame katikati ya mengine.

Leo saa tatu asubuhi nilikwenda bila kuitwa. Nimekwenda kwanza, ndipo nikaja kukuandikia, maana ningekuandikia kwanza ningepata sababu ya kungoja kesho. Mwenyekiti akasema, "Rudia polepole, karani aandike." Nikarudia mara tatu. Nilitafuta pa kuweka mzaha mmoja, sikupaona. Wamenichukulia kitambulisho na funguo za banda. Nimeuliza, "Na binti je?" Wakasema utaandikiwa. Nimeuliza tena mlangoni, wakasema hivyo hivyo. Sijui watakufanya nini. Ningekuwa najua ningekuambia, hata kama ni baya.

Kutoka hapo nikaenda hospitali. Mkufunzi alinisikiliza macho yakiwa dirishani. Nilipomaliza akasema, "Toka." Nikatoka. Nikiwa kwenye korido akaniita, "Rudi." Nikarudi mbio. Akasema, "Funga hilo dirisha kwanza, kuna upepo." Nikafunga.

Dada yangu ananiuliza ninachekesha nini. Mwambie sijui kufanya kitu kingine nikiogopa, na nimeogopa tangu asubuhi ile. Chumba hiki ni hatua sita kutoka kitandani hadi mlangoni. Natembea, nageuka, natembea. Jirani amenigongea ukuta akidhani nahamisha vyombo.

Kuna lililobaki, na kamati hawajalisikia. Kesho nitawapelekea, bila funguo, nitasimama getini mpaka waniite. Lakini wewe ulisikie kwanza, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa ndani.

Injini ilikuwa imeshachanganya, mguu wa kushoto haujanyanyuka bado. Nilikuwa kwenye tangi, pale pale pangu. Nikatazama chini ya helikopta nikaiona kamba ya kulia imelala kwenye pete yake, rangi ya chungwa, haijaguswa na mtu. Ishara ya kusimamisha ni mikono miwili juu, msalaba. Wewe mwenyewe nilikufundisha mimi, kabla hujajua hata kuwasha. Muda nilikuwa nao. Nimeupima kila siku katika hizi hatua sita: pumzi nne, labda tano. Kuinua mikono kunataka moja. Kamba ikaanza kukaza, nikayaona yale mapanga yanataka kunijia usoni, miguu yangu ikawa imeshaondoka.

Wananisifu kwamba nilikuwa wa kwanza kuwafikia. Nilikuwa wa kwanza kwa sababu nilikuwa nimeshajua kabla ya wote.

Hapakuwa na kitambaa chochote nyuma ya gari la mafuta. Wala sina bahati, Kipanga. Niliiona kamba, nikakimbia, nikawaacha.

Mjomba